Matcha Jikoni Mwanza: Ikorogwe kama Uji, Isichemshwe kama Chai

Makosa karibu yote yanayofanyika katika kuandaa matcha huku kwetu yana chanzo kimoja: mtu husikia kwamba ni chai, naye akaitendea kama chai. Hubandika sufuria, humimina unga wa kijani ndani ya maji yanayotokota, huongeza tangawizi na sukari vijiko vitatu, huiacha ichemke mpaka aridhike kwamba imeiva, kisha huichuja. Kinachopatikana ni kinywaji chenye rangi ya maji ya mtaroni wakati wa masika, kichungu hadi kooni, na kwenye chujio hubaki madonge ambayo ndiyo hasa yaliyolipiwa fedha. Mimi nilianza hivyohivyo jikoni kwangu Nyegezi, na kopo la kwanza lilikwisha kabla sijaonja ladha yake halisi. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye jiko la kawaida, lenye birika, chujio la chai, chupa ya chai na friji inayohifadhi samaki, ambaye amepata kopo dogo la unga huu na asingependa kuliharibu.

Unga huu ni wa namna gani

Matcha hutokana na mmea uleule wa chai unaolimwa Mufindi, Rungwe na Lushoto, na kwa jirani zetu wa Kericho. Tofauti iko katika matunzo. Huko Japani, wiki tatu hivi kabla ya kuchuma, mashamba hufunikwa ili mwanga wa jua usiyafikie majani vizuri. Jani lililonyimwa mwanga hukusanya klorofili nyingi, likawa la kijani kilichokolea, na hubaki na kiasi kikubwa cha theanini, ambayo ndiyo huipa matcha ile ladha nzito yenye utamu wa mbali. Majani yakishachumwa hupitishwa kwenye mvuke bila kuchelewa ili yasigeuke rangi, jambo ambalo ni kinyume cha chai yetu nyeusi inayoachwa igeuke kwa makusudi. Kisha hukaushwa bila kuviringwa, huondolewa vikonyo na mishipa, na husagwa polepole kwa mawe. Jozi moja ya mawe hutoa gramu 40 hivi kwa saa nzima, na anayeshangaa bei ya kopo la gramu 30 aikumbuke hesabu hiyo.

Asili ya desturi ya kusaga chai na kuipiga ndani ya maji ni China, na mtawa Eisai, aliyerejea Japani mwaka 1191, ndiye anayetajwa sana kwa kuipeleka huko. Miongoni mwa miji iliyopata sifa kubwa kwa matcha ni mmoja ulio kusini mwa Kyoto, na jina lake, kwa bahati iliyonifurahisha sana, ni Uji. Nalitaja hilo kwa sababu uji wetu ndio mwalimu bora wa kazi hii, kama itakavyoonekana hapa chini.

Jambo la kushika ni kwamba chai ya kawaida huachia ladha yake ndani ya maji, nayo majani yakatupwa, ilhali matcha hunywewa jani zima. Unga wake hauyeyuki. Huelea kwa muda na baadaye hutuama. Kwa hiyo haichujwi baada ya kukorogwa, na mnywaji hana budi kukitikisa kikombe kidogo kila baada ya mafunda machache, la sivyo atakutana na tope chini.

Kuchagua na kuhifadhi

Matcha nzuri ina kijani kinachong'aa, cha jani changa. Ikielekea manjano au rangi ya majani ya kunde yaliyokaushwa, yale Wasukuma wanayoyaita nsansa, basi ama ilitokana na majani yaliyokomaa au imekaa mno. Soma orodha ya viambato: inapaswa kuwa na kitu kimoja tu, chai ya kijani ya unga. Pakiti nyingi za bei nafuu huwa zimechanganywa na sukari na maziwa ya unga, na humo matcha yenyewe ni kidogo. Jihadhari pia na unga wa mlonge, ambao umejaa madukani na una rangi inayofanana. Mlonge una faida zake na sina ugomvi nao, lakini ladha yake ni ya mboga yenye ukali kidogo, na hautakupa kinywaji kinachoelezwa hapa. Maneno makubwa yanayoandikwa juu ya kopo kuhusu daraja la matcha hayasimamiwi na sheria yoyote ya kimataifa, kwa hiyo macho na pua vinakufaa zaidi kuliko lebo. Ushauri wangu ni kununua kopo dogo la matcha nzuri kwa ajili ya kunywa na maji matupu na, uwezo ukiruhusu, jingine la bei ya chini kwa ajili ya maziwa na matunda, kwa kuwa ladha kali kidogo ndiyo inayoweza kusikika ndani ya maziwa.

Maadui wa unga huu ni mwanga, joto, hewa na unyevu, na pembezoni mwa ziwa unyevu haukosekani. Kopo likishafunguliwa, jitahidi liishe ndani ya wiki nne hadi nane. Friji inafaa, lakini hapa pana mtego ambao vitabu vya wageni havina sababu ya kuutaja: matcha hunyonya harufu kwa kasi ya ajabu, na friji ya Mwanza ni nyumba ya sangara, sato na dagaa. Nimewahi kunywa matcha ya dagaa, na sitarudia. Weka kopo ndani ya chombo cha pili chenye mfuniko unaobana, mbali na samaki, na unapolitoa liache mezani kama nusu saa kabla ya kulifungua, ili ubaridi uishe na mvuke wa hewani usigande kuwa matone juu ya unga. Ambaye friji yake hushinda ikizimika kwa sababu ya umeme anaweza kuliacha kopo kabatini, mahali penye kivuli na mbali na jiko, mradi alitumie upesi. Joto linalopanda na kushuka kila siku ni baya kuliko joto la wastani lisilobadilika.

Maji: yasichemke, wala yasinuke dawa

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini hufaa kwa chai ya tangawizi kwa sababu viungo huificha ile harufu, lakini matcha haina pa kuificha. Chemsha maji bila mfuniko kwa dakika chache kisha uyaache yapoe wazi, au yahifadhi usiku kucha kwenye chombo safi kilichofunikwa kwa kitambaa chepesi. Maji ya chupa yasiyo na chumvi nyingi hufaa pia. Maji ya kisima yenye chumvi huifanya ladha iwe butu, na hilo sijapata dawa yake.

Halijoto inayotakiwa ni nyuzi 70 hadi 80. Maji yanayotokota huvuta uchungu wote wa jani na huua ile harufu changa. Sisi tunaoishi karibu na ziwa, mahali palipo zaidi ya meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, tuna nafuu ndogo: maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama ya Dar es Salaam. Hata hivyo nyuzi 96 bado ni moto kupita kiasi. Asiye na kipimajoto afanye hivi: achukue vipimo vitatu vya maji yanayochemka na kipimo kimoja cha maji yaliyochemshwa mapema yakapoa hadi joto la chumbani, avichanganye, naye atapata maji ya nyuzi 78 hivi. Njia hii ninaiamini kuliko ile ya kusubiri kwa kukisia, maana sufuria nzito na sufuria nyepesi hazipoi sawasawa. Maji yaliyolala kwenye chupa ya chai tangu usiku nayo mara nyingi huwa yamefika yanapotakiwa kufika, ilimradi chupa hiyo haijazoea kubeba chai ya viungo.

Kukoroga, ambako ndiko kwenye kazi

Hakuna mpishi wa uji anayetupa unga mkavu ndani ya sufuria inayochemka. Huutia unga kwenye bakuli, akaulowesha kwa maji baridi kidogo, akaukoroga hadi ukawa laini, ndipo akaumimina. Akikosea hapo, madonge hayatoki tena hata akoroge hadi jioni. Unga wa matcha ni laini mno kuliko wa ulezi, chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe hata ndani ya kopo, na kwa sababu hiyo adabu ya uji inauhusu maradufu.

Anza kwa kuchekecha. Weka chujio la chai lililo safi na kavu kabisa juu ya bakuli au kikombe kipana, tia kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ambacho ni karibu gramu 2, kisha uusukume unga upite kwa mgongo wa kijiko. Hatua hii huchukua sekunde 20, na anayeiruka atailipia dakika tano baadaye. Chujio lenye unyevu hata kidogo litaziba, na hapo utalazimika kulikausha na kuanza upya.

Mimina maji ya kawaida, yasiyo moto, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Koroga taratibu kwa kuukandamiza unga kwenye ukuta wa bakuli mpaka upate rojo zito linalong'aa, lisilo na alama ya unga mkavu popote. Kwa nini maji baridi kwanza? Kwa sababu maji ya moto hulowesha upesi ngozi ya nje ya donge na kuifunga, huku ndani pakibaki pakavu, kama inavyokuwa kwa bonge la ugali lisiloiva. Rojo likishalainika, ongeza mililita 60 hadi 70 za maji ya nyuzi 78, ambazo ni kama robo ya kikombe cha chai cha kawaida.

Sasa piga. Wajapani hutumia chasen, kipekecho kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi na chenye nyuzi nyembamba 80 hadi 100. Ukikipata, kiloweshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika moja ili nyuzi zisikatike, kisha ukipeleke mbele na nyuma kwa kasi, mfano wa mtu anayeandika herufi M mfululizo, huku mkono ukitoka kwenye kifundo wala si begani. Usizungushe, kuzungusha hutengeneza wimbi, hakutengenezi povu. Baada ya sekunde 20 au 30 povu jepesi litafunika uso wote, nawe utainua kipekecho taratibu katikati ili kuvunja viputo vikubwa.

Asiye na chasen asinung'unike. Kichapio kidogo cha betri hufanya kazi hiyo kwa sekunde 15. Chombo cha plastiki kigumu au chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko unaobana hutosha pia: tia rojo na maji, funga, tikisa kwa nguvu kwa nusu dakika. Tahadhari ni kwamba maji ya moto yaliyofungwa na kutikiswa huzalisha msukumo unaoweza kuurusha mfuniko, kwa hiyo njia ya kutikisa nenda nayo kwa maji baridi au ya uvuguvugu tu. Uma hupiga vizuri kuliko kijiko. Upekecho wa mti unaotumika kwa mlenda haufai, si kwa sababu ya umbo lake, bali kwa sababu mti huo umekunywa mlenda wa miaka mingi. Shangazi yangu wa Ukerewe, alipoliona povu la kijani kwa mara ya kwanza, aliniuliza ugali uko wapi.

Hapo tayari una kinywaji cha kwanza, matcha ya maji matupu, nacho kinywewe mara moja kabla hakijatuama. Kama utakiona ni kikali, ongeza maji ya moto hadi kikombe kijae. Kitapoteza povu, lakini kitanyweka polepole kama chai. Ipo pia matcha nzito, ya gramu 4 kwa mililita 40 za maji, inayokandwa badala ya kupigwa, ila hiyo inataka unga wa hali ya juu kabisa na siipendekezi kwa anayeanza.

Matcha ya maziwa moto

Tengeneza rojo na ulipige kwa maji mililita 60 kama ilivyoelezwa. Pembeni, pasha moto maziwa mililita 150 hadi 180. Maziwa ya wafugaji yanayouzwa mitaani kwa lita ni lazima yachemshwe kwanza hadi yafoke, kwa kuwa maziwa mabichi hubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Baada ya hapo yaache yapoe hadi uweze kuishika sufuria kwa muda mfupi bila kuungua, na uondoe utando wa juu, maana ukivunjika ndani ya kikombe utaonekana kama donge nawe utalaumu ukorogaji wako bure. Mimina maziwa juu ya matcha polepole. Mwenye kupenda povu ayapige maziwa kwa kichapio kabla ya kumimina, au ayahamishe kutoka kikombe hadi kikombe kwa kuyainua juu.

Protini za maziwa hushikana na katekini, yaani kemikali za jani la chai zinazokaza ulimi, ndiyo maana matcha ya maziwa huwa laini hata kwa asiyezoea uchungu. Sukari, kijiko kimoja, itiwe kwenye matcha iliyopigwa ikiwa bado na joto. Asali ya Tabora naipenda kwa kila kitu isipokuwa hiki: ina harufu nzito ya misitu ya miombo na huimeza matcha yote. Tangawizi na iliki zikae kwenye chai.

Matcha ya barafu

Kwa mchana wa Septemba, jua likiwa limeyapasha mawe ya Mwanza tangu asubuhi, hiki ndicho kinywaji kinachostahili kopo lako. Barafu iwe ya maji ya kunywa, iliyogandishwa nyumbani ndani ya chombo kilichofunikwa. (Barafu inayobebwa kwa mikokoteni pale Mwaloni ni ya sangara, isiingie kwenye glasi hata kama iko karibu.) Kwa kuwa barafu huyeyuka na kuzimua, ongeza unga hadi gramu 3, yaani kijiko kimoja na nusu, na uupige kwa maji mililita 60.

Jaza glasi barafu hadi robo tatu, mimina maziwa baridi mililita 150, kisha mimina matcha taratibu juu ya kipande cha barafu. Itakaa juu kama tabaka la kijani kwa dakika chache, jambo linalopendeza macho, na mnywaji atakoroga mwenyewe. Maziwa ya pakiti hufanya vizuri hapa. Tui la nazi nalo linafaa, lakini liwe tui jepesi, kwa sababu tui zito huganda mafuta juu ya barafu.

Sukari ya chembe haiyeyuki kwenye baridi, kwa hiyo andaa shira mapema: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, chemsha hadi iyeyuke, poza, hifadhi kwenye friji. Vijiko viwili vya shira kwa glasi vinatosha.

Matunda

Embe na matcha hupatana kuliko tunda lolote nililojaribu. Saga nyama ya embe moja bivu bila maji, iweke chini ya glasi, funika kwa barafu, mimina maziwa, na umalizie kwa matcha. Embe likiwa tamu, shira haihitajiki.

Nanasi lina masharti. Nanasi lisilopikwa, hata likiwa limeiva, lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunja protini za maziwa na kuyafanya yawe machungu ndani ya muda mfupi, kwa hiyo nanasi na maziwa visikutane kwenye glasi moja isipokuwa nanasi limechemshwa kwanza. Lakini maji ya nanasi yaliyochujwa vizuri, barafu nyingi, na matcha iliyopigwa kwa maji baridi hutoa kinywaji chepesi kisichohitaji kitu kingine. Ndimu pia inaruhusiwa, matone machache tu, ukijua kwamba asidi yake huififisha rangi ya kijani kadiri muda unavyopita.

Ndizi mbivu moja, nusu parachichi, maziwa kikombe kimoja na kijiko kimoja cha matcha vikisagwa pamoja kwenye blenda ni kifungua kinywa kamili. Hapa huhitaji kuchekecha; kisu cha blenda kitamaliza kazi. Mtindi badala ya maziwa nao unafaa kwa wanaopenda ugwadu.

Kiasi, na nani ajihadhari

Gramu 2 za matcha huwa na kafeini ya miligramu 40 hadi 70 hivi, kutegemea aina, kwa hiyo si kinywaji cha saa tatu usiku wala cha watoto wadogo. Mama mjamzito, ambaye kwa kawaida hushauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku kutoka vyanzo vyote, ahesabu na chai nyeusi anayokunywa asubuhi. Katekini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na matembele, jambo lenye uzito kwa mwenye upungufu wa damu. Anywe matcha saa moja au zaidi baada ya mlo, si pamoja nao. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu jani zima la chai lina vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda. Kwa wengine, vikombe viwili kwa siku havina neno. Anayeianza akiwa hajala chochote anaweza kusikia kichefuchefu, nami ningemshauri ale hata kipande cha kiazi kwanza.

Kuosha vyombo

Suuza bakuli na kipekecho mara tu unapomaliza, kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, kwani mwanzi hunyonya sabuni na kuirudisha kwenye kikombe cha kesho. Kiache chasen kikauke kikiwa kimesimama mahali penye hewa, kamwe kisifungwe ndani ya kopo kikiwa kibichi, maana kitaota ukungu ndani ya siku mbili. Chujio likaushwe na kutengwa na lile la chai ya maziwa; nyumbani kwangu nimelifunga uzi wa kijani kwenye mpini.